Kichaka cha Chai na Mkwe Wangu wa Ruiru

Ulikuwa mwaka wa unga wa njano, huko mwanzo wa miaka ya tisini, wakati Thika nzima ilikula ugali wa rangi ya kiini cha yai na kulalamika kwamba hicho ni chakula cha ng'ombe wa ng'ambo. Tulilalamika huku tukiongeza sahani. Mimi angalau nilikuwa na chai. Nyuma ya nyumba yangu pale Ngoingwa kulikuwa na kichaka cha muthiriti, na majani yake ukiyatia kwenye chai yananukia limau mpaka jirani anaacha kufua.

Chai hiyo ndiyo iliyomleta mjukuu wangu kila Jumamosi. Alikuwa anasomea mambo ya mimea chuo kikuu, amepanga chumba Kahawa Wendani. Kwetu hakuna aliyewahi kufika chuo kikuu, na nilihakikisha hata mwenye bucha analijua hilo. Ili anifikie, lazima apite Ruiru, kwa nyanya yake mwingine, Cucu wa Ruiru, mamake mke wa mwanangu. Alipita tu, hashuki. Mkwe wangu hilo lilimkondesha, mimi likaninenepesha.

Basi mkwe akaniomba mmea. Nikampa mbegu. Zikaota, zikashika majani, na Jumamosi moja akanijia na chupa ya chai mkononi na tawi kwapani.

"Kunywa," akasema, bila hata kuniamkia.

Nikanywa. Mgongo ulipona palepale. Ilikuwa dawa ya kuchua, yenye maziwa.

"Ulinipa mti mwingine, mkwe. Ulitaka nimkose mjukuu."

"Mti ni huohuo. Labda ni mikono yako."

Mjukuu akatoka jikoni, akafikicha jani la tawi lile, akafikicha na langu, akanusa.

"Mnasema kweli nyote. Mmea ni mmoja. Tofauti ni vimeng'enya vilivyo ndani ya jani."

"Vinauma?" nikauliza.

"Haviumi, Cucu. Ni vifanyakazi vidogo, havionekani. Vinachukua kitu kilekile, kila kimoja kinakikunja kivyake. Kimoja kinatoa harufu ya limau, kingine ya dawa ya kuchua. Kwa miti mingine inatoka ya mkaratusi, au ya waridi."

"Kama unga wa njano," nikasema. "Mimi napika ugali, huyu anapika wa kuziba nyufa."

"Na mbegu ni mtoto, Cucu. Nyuki alileta chavua ya kichaka kingine, mtoto akafuata upande wa baba."

Mkwe alicheka mpaka akashika ukuta. "Kumbe kichaka chako kilizaa nje!"

"Ukitaka harufu hii yenyewe, Cucu wa Ruiru," mjukuu akaendelea, "kata kijiti uchomeke. Kijiti ni mama mwenyewe."

Mjukuu niliyemsifu mpaka buchani! Mkwe akaacha kucheka. Akakitazama kichaka, akamtazama mjukuu, nami nikaziona Jumamosi zangu zote zikishukia Ruiru.

"Mbegu chukua gunia, lakini kijiti sikupi," nikasema.

"Kidogo tu, mkwe. Urefu wa kidole."

"Cucu, si ni mti tu? Mimi bado nitakuja."

"Utakuja Krismasi!"

Mkwe akanyoosha mkono polepole, kama mtu anayeokota uzi kwenye sweta ya mwenzake. Nikajisukuma katikati, makalio ndani ya majani.

"Mbegu chukua gunia, lakini kijiti sikupi."