Bi Mwantumu na Sahani ya Plau

Mimi ni fundi cherehani, na kibaraza changu kiko njia panda, jirani kabisa na zahanati ya kijiji. Hapo ndipo Bi Mwantumu husimama kila alfajiri yenye tangazo, na hapo ndipo usingizi wangu umeharibika miaka nenda rudi. Hapigi kengele wala ngoma. Anapiga sahani ya plau, lile duara la chuma kizito la jembe la trekta, ambalo marehemu baba yake aliliokota Nachingwea kwenye mabaki ya matrekta ya mashamba ya karanga ya Waingereza. Ameifunga kamba ya katani, anaitundika begani na kuigonga kwa kipande cha nondo. Ukiwa umelala karibu, meno yanakucheza kinywani.

Kazi yake ni kupiga mbiu. Mwenyekiti akitaka mkutano, zahanati ikiletewa chanjo, jumuiya ya maji ikitaka kufunga bomba isafishe tangi, chama cha msingi kikipata tarehe ya mnada wa korosho, shule, msikiti, parokia, wote wanamtuma yeye. Anagonga mara tatu, anatulia kidogo, halafu sauti inatoka. Sijui inatoka wapi, maana mwenyewe ni mwembamba kiasi kwamba gauni lake nalishona kwa vipimo vya msichana. Sauti ile inavuka nyumba, inapita juu ya mikorosho, inashuka hadi bondeni kwenye mpunga. Anasema kwanza kwa Kiswahili, kisha kwa Kimwera kwa ajili ya wazee, na kila tangazo analianza hivi: "Wanakijiji, sikilizeni! Tangazo hili linatoka..." Hapo anamtaja aliyemtuma. Asipojua limetoka wapi, halitangazi ng'o.

Kuna mradi uliwahi kumletea spika ya betri. Siku ya kwanza alipoitumia, watu walidhani ni muuza dawa ya panya na hakutoka mtu. Siku iliyofuata akarudi kwenye sahani yake.

Jambo la mtu binafsi halitangazi. Mwaka fulani mbuzi wangu alipotea, nikaenda kumwomba kwa unyenyekevu wote. Akanitazama weee, akaniambia, "Fundi, mbuzi wako hana ofisi." Nilinuna mwezi mzima. Lakini hata yeye mwenyewe alikuwa hajitangazii. Upepo ulipoezua paa lake, alilala chini ya turubai na binti yake Samia mpaka wapita njia walipoona wenyewe. Nikamwambia hicho ni kiburi. Akasema watu wakizoea kuitwa kwa ajili ya kila kitu, siku ya jambo la wote hawatatoka. Tuliachana hapo, kila mtu na msimamo wake.

Basi msimu wa korosho uliopita, wiki ya chanjo ya watoto, alizunguka vitongoji vyote kwa miguu, vumbi tupu na jua la Novemba. Siku ya mwisho sauti ikakatika. Haikukwaruza, ilikatika kabisa kama redio iliyoishiwa betri. Nesi wa zahanati akampa maji ya chumvi asukutue na akamkataza hata kunong'ona. Mimi, Mungu anisamehe, nilijua nitalala.

Kesho yake asubuhi simu yangu ikaita. Hapa kwetu mtandao unapatikana kwenye nguzo ya kibaraza changu na sehemu mbili tatu tu, kwa hiyo simu za watu wengi huja kwangu. Alikuwa Harithi, mume wa Samia. Samia, ambaye ndiye mtoto pekee wa Bi Mwantumu, alikuwa amepelekwa hospitali mjini Ruangwa kujifungua.

"Shikamoo mzee," Harithi alisema, na sauti yake ilikuwa inatetemeka. "Mtoto katoka salama, wa kike. Ila Samia anatokwa damu, haikomi. Wamemwongezea damu yote ya kundi lake waliyokuwa nayo, na jana walipokea majeruhi wa ajali. Mimi wameshanitoa, haitoshi. Yeye ni O, mzee, anapokea O tu. Tuletee watu wengi wapimwe. Leo leo, mzee. Daktari anasema jioni ni mbali."

Nilikwenda mbio kwa Bi Mwantumu. Alikuwa anaanika mihogo. Nilipomaliza kusema, hakulia. Alikwenda moja kwa moja zahanati, akakunja mkono wa gauni na kumnyooshea nesi. Nesi akamshika mkono ule kwa upole. "Mama, umri wako umeshapita. Hawatakutoa damu."

Nikasema nitaita mimi. Nilisimama njia panda nikapiga kelele mpaka kifua kikauma, na waliosikia ni kuku wangu. Kijiji kilikuwa kitupu. Wakati ule wa msimu kila mtu yuko chini ya mikorosho, na huko simu ni tochi tu. Gari lililokuwepo lilikuwa moja, lori la chama cha msingi, nalo lilikuwa ghalani linapakia magunia kwenda mnadani. Likiondoka, ndiyo basi. Nilipogeuka, Bi Mwantumu alikuwa anakuja na sahani begani.

Aligonga mara tatu. Akatulia, akafumbua kinywa. Niliona mishipa ya shingo ikimtoka, lakini kilichotoka ni pumzi. Akagonga tena mara tatu, akafumbua kinywa tena. Kimya. Alikuwa anafanya vilevile alivyofanya maisha yake yote, na mimi nilishindwa kumtazama.

Yaliyotokea mashambani nilisimuliwa baadaye na Kornelia, jirani yangu, ambaye kila mwaka huzozana na Bi Mwantumu kwa sababu ya mpaka wa shamba. Anasema waliacha kuokota korosho, wakasimama kusubiri maneno. Hayakuja. Sahani ikalia tena, maneno hayakuja. "Nikawaambia wenzangu, anayepiga si yeye," Kornelia alisema. "Yeye hawezi kugonga akanyamaza. Mama wa watu amekufa. Wamechukua sahani yake wanatuita tukamzike."

Na kila shamba, bila kuambizana, walifikiri hivyo hivyo.

Kwanza nilisikia miguu. Kisha nikawaona wakitokea njia zote, kutoka bondeni, kutoka upande wa shule, kutoka kule mlimani ambako mtu hushuka siku ya soko tu. Wanawake mikono imewatapakaa maji ya mabibo, wanaume na miundu yao, wazee wakishikiliwa viwiko. Vijana walikuja na kitanda cha kamba kichwani, tayari kubeba maiti. Kornelia alikuwa mbele, analia kwa sauti, amekumbatia kanga yake mpya ambayo hata kanisani hajaivaa, ili amfunike adui yake wa mpaka. Nimezaliwa hapa na nimezeekea hapa, lakini sikuwahi kujua kwamba tuko wengi namna ile. Nywele zilinisimama. Sijawahi kuogopa kitu kizuri, ila siku ile niliogopa.

Walipofika njia panda wakamkuta amesimama, yu hai, nondo mkononi. Kornelia alibaki mdomo wazi na kanga yake kifuani.

Bi Mwantumu alinitazama, akaanza kusema bila sauti. Nikasogea karibu, nikaangalia midomo yake. Maneno yale nilikuwa nayajua, maana yameniamsha maisha yangu yote.

"Wanakijiji, sikilizeni!" nikasema kwa nguvu. "Tangazo hili linatoka..."

Midomo yake ikakomea hapo. Nikangoja. Akainamisha uso, kisha akauinua na kusema neno moja. Nikalitamka kwa niaba yake.

"Linatoka kwangu."

Nikawaeleza habari ya Samia. Sikumaliza. Kassian, katibu wa chama cha msingi, mtu ambaye hata kwa mama yake mzazi hasogezi gunia bila stakabadhi, aligeuka kuelekea ghalani akafoka, "Shusheni magunia yote! Mnada utasubiri!" Nesi akapanda juu ya tairi kuchuja watu. Wanaonyonyesha, chini. Wenye presha, chini. Waliokataliwa walibishana naye kana kwamba wamenyimwa sherehe. Lori likaondoka limejaa hadi kwenye bodi, na waliobaki hawakurudi kwenye korosho zao. Walikaa chini kuzunguka kibaraza changu, wote macho kwenye simu iliyoning'inia kwenye nguzo.

Iliita jua likianza kulala. "Mzee, imetosha," Harithi alisema, na safari hii alikuwa analia wazi. "Damu imekoma. Kafumbua macho, anataka uji."

Bi Mwantumu alikuwa ameshausoma uso wangu. Aliinuka, akagonga mara tatu, akanigeukia.

"Wanakijiji, sikilizeni!" nikasema. "Tangazo hili linatoka hospitali. Samia yu hai."

Vigelegele vilianzia kibarazani, vikapokelewa nyuma ya shule, vikashuka bondeni kwa wale waliochelewa. Nilivisikia vikienda mbali, nyumba kwa nyumba, mpaka vikafika mahali ambapo sauti yangu isingefika hata siku moja.

Yeye aliketi kwenye kigoda changu cha kushonea, sahani mapajani, machozi yakimtiririka. Akanivuta shati niiname, akanisemesha kwa midomo. Sikuamini, nikamwambia arudie. Alikuwa anauliza kama yule mbuzi wangu alipatikana.

"Alirudi mwenyewe, mama," nikamwambia.

Akatikisa kichwa na kucheka bila sauti. Niliweka kiganja juu ya sahani nikakiacha hapo, maana chuma kilikuwa bado kinatetemeka.