Mwenye Kopo

Mwenye duka jirani yangu hangoji useme. Ukikanyaga kizingiti tu anakutumbulia macho, anauliza kimoja kimoja: “Sukari? Sabuni? Chumvi?” Kabla hujafungua mdomo keshakishika, na ndicho hasa ulichofuata. Mwanamume anayesoma macho ya watu hivyo, mimi namtilia shaka. Tena juu ya kaunta kaweka kopo lenye karatasi: “Ujue ugonjwa unaoua mishipa ya fahamu na kukausha misuli. Changia utafiti wa dawa.” Kila mnunuzi lazima ahubiriwe. Wenye makopo nimewaona tangu ujana wangu, na wote walinenepa.

Juzi nikazunguka uani, nikachungulia. Mkewe, ambaye siku hizi hatumwoni, alikuwa kitini, kichwa kimeegemezwa mto, mikono imelala mapajani kama ya kuazima. Mume kapiga magoti, anamtazama machoni. “Maji? Mguu? Inzi?” Kwenye inzi mke akafumba macho, naye akamfukuza. Kisha akasema bila kugeuka, “Bibi jirani anatuchungulia. Nimfukuze naye?” Macho wazi. “Nimkaribishe?” Yakafumba. “Ingia, bibi, una bahati.”

Niliingia, lakini yeye sikumwuliza kitu. Nilimwinamia mkewe. “Mwanangu, pesa za kopo zinawafikia hao watafiti?” Akafumba macho, akafumbua. Nikamwuliza tena, maana mimi si wa kudanganywa kirahisi. Akayafumba, akakawia sana kuyafumbua. Mumewe akacheka: “Hapo sasa anakutukana, bibi.”