Kopo Gumu la Mwalimu Herminia

Kila asubuhi mkoba wa Herminia Sumagaysay uliingia kwanza getini, kisha yeye akafuata. Hivyo ndivyo alivyopenda kusema Manong Teban, mlinzi wa shule, ambaye wote walimwita Manong, kaka mkubwa, hata wale waliomzidi umri.

"Karibu, mkoba," alisema Teban. "Leo umemleta nani?"

"Nimeleta mwanamke mwenye njaa. Sogea nipite, Manong."

Kazi ya Herminia ilikuwa kuwafundisha kusema watoto ambao ulimi umewagomea: wenye kigugumizi, wanaomeza nusu ya neno, na wale wasiosema chochote. Serikali ilimpa cheo kirefu kisichoenea mdomoni, lakini pale shuleni, na katika mitaa yote ya upande ule wa mkoa wa Iloilo, alijulikana kama mwalimu wa ulimi. Ofisi walimpa chini ya ngazi, pamoja na mifagio, ndoo, na nyota ya Krismasi ya mianzi ambayo hakuna aliyetaka kuitupa wala kuitengeneza.

Kwa kuwa chumba hakikuwa na kabati, kabati lilikuwa mkoba. Ndani yake mlikuwa na kioo cha mkono, mtoto ajione ulimi wake unakwenda wapi; walimu wenzake walikiazima kila siku kupaka rangi ya midomo, na kilirudi na alama za vidole vya watu wazima. Mlikuwa na mirija ya kupulizia, ambayo watu wa kantini walikuja kuiomba soda zikizidi. Mlikuwa na mapovu ya sabuni, kadi za picha zilizolegea kama chapati, kifaranga cha bati cha kutia ufunguo, kengele ya baiskeli. Ukimuuliza hiyo kengele ya nini, alijibu, "Ya kazi." Na hizo biskuti? "Za kazi." Haya, lakini unga wa biskuti za kazi ulikuwa kwenye kola yake.

Kitu alichokithamini kupita vyote ni kopo. Lilikuwa la plastiki, unaona ndani, na kifuniko chake kilikuwa kigumu hata mumewe Rodrigo kilimshinda. Siku hiyohiyo Herminia akalihamisha kutoka jikoni kwenda kazini. Hutia ndani kitu mtoto anachokipenda, humpa likiwa limefungwa, kisha hukunja mikono. Mtoto anakiona, anakitaka, hawezi kukifikia. Mwishowe lazima aseme. Mwalimu kazi yake ni kungoja, kimya, bila kusaidia hata silabi moja. Kwa mwanamke aliyezoea kuzungumza hata akipiga mswaki, hiyo ilikuwa adhabu zaidi kuliko kazi.

Mwaka huo kopo lilipewa Analiza, mtoto wa miaka sita aliyelelewa na bibi yake, ambaye wote walimwita Lola Consing, yaani Bibi Consing. Analiza alisikia kila kitu, alicheka mahali pa kucheka, aliimba kwa pua nyimbo nzima za kanisani. Neno tu ndilo hakutoa. Akitaka kitu, humvuta mtu sketi mpaka kwenye kile kitu.

Mwalimu Mkuu Villaruz, mwanamke aliyenyooka kama rula na mwenye sauti iliyonyooka vivyo hivyo, alimwita Herminia ofisini Jumatatu.

"Darasa la kwanza lina watoto arobaini na mwalimu mmoja," alisema. "Mtoto asiyeweza kusema anachotaka atapotea humo. Nitakuja kumwona Ijumaa. Asiposema, aende ile shule maalumu ya mjini."

"Mjini ni kupanda jipni mbili za abiria, Mwalimu Mkuu. Magoti ya Lola Consing hayapandi hata moja."

"Ndiyo maana nimekupa mpaka Ijumaa."

Jumanne saa nne, wakati wa vitafunio, Herminia alitia kikeki cha mchele ndani ya kopo akampa Analiza. Akakunja mikono. Analiza alilizungusha kopo, akalitikisa, akamtazama mwalimu. Midomo yake ilianza kukutana. Herminia akaacha hata kupumua.

Wakati huohuo Manang Pasing, dada mkubwa wa kantini na wa kila mtu, akapita mlangoni na sinia.

"Mama wee! Mtoto anatazama chakula?" Alichomoa kikeki kwenye sinia, akamtia mtoto mkononi. "Kula, mwanangu. Karibu tule, Mwalimu, na wewe chukua."

"Manang! Nilikuwa kazini!"

"Kazi gani ya kumtesa mtoto? Chukua, vya moto."

Herminia akachukua, kwani alikwisha kumfokea, na kukataa kungekuwa tusi la pili. Kisha akachukua kingine.

Jumatano alifunga mlango. Joto likawatoa jasho, akafungua dirisha, na dirishani akatokea Teban. Aliona kopo, aliona mtoto, akajua la kufanya. Akaingiza mikono yake miwili, akakamata kifuniko, akakaza shingo mpaka mishipa ikasimama, na kikafunguka kwa mlio.

"Hili tu ndilo lililokushinda, Mwalimu?" alisema huku akihema. "Ungeniita mapema!"

Mchana ule Herminia aliwakusanya kantini: Pasing, Teban na Lola Consing, aliyekuja kumchukua mjukuu wake. Akawaambia kuwa mpaka Ijumaa mtu yeyote asimpe Analiza chakula wala kumfungulia kitu kabla hajaomba. Na wakila mbele yake, wasimkaribishe.

Walimtazama kana kwamba amewaambia wateme mate kanisani.

"Nile mbele ya mtoto nisimwambie karibu?" alisema Pasing. "Si bora nife?"

"Mjukuu wangu hana haja ya kuomba," alisema Lola Consing. "Namjua. Akiinua nyusi ni maji. Akikunja pua ni choo. Akishika sikio, amechoka na wewe."

"Na mwalimu wa darasa la kwanza, Lola, atasoma pua arobaini?"

Bibi akatazama magoti yake, akayapapasa. "Sawa," alisema taratibu. "Ijumaa nitajiziba mdomo na leso."

"Na wewe je?" Pasing akamgeukia Herminia. "Wewe mwenyewe utaweza kula bila kumkaribisha?"

"Nitaweza."

Teban alicheka mpaka akashika ukuta. "Wewe? Jana nilikuona unamkaribisha paka!"

Neno lile lilimchoma. Jioni hiyo, nyumbani, alijaribu kwa Rodrigo. Alipakua samaki na wali, akaketi, akala, macho kwenye sahani, bila kusema karibu. Rodrigo alisimama na kijiko chake mkononi kama mgeni aliyepotea njia.

"Nimekukosea nini?" aliuliza.

"Hakuna. Ni kazi."

"Ni kuhusu lile bomba? Nitalitengeneza Jumamosi, naapa."

Herminia akampakulia haraka, roho ikamtulia. Na Jumamosi bomba lilitengenezwa kweli, kwa hiyo kazi haikwenda bure.

Ijumaa Mwalimu Mkuu Villaruz alikuja na kiti chake mwenyewe, akaketi kati ya ndoo na nyota ya Krismasi. Nje ya mlango Lola Consing alikaa kwenye ngazi, leso mdomoni. Pasing alisimama nyuma yake na upawa aliosahau kuuacha kantini. Teban aliugeukia ukuta, kwa sababu alisema akiliona lile kopo mikono yake itamwasha.

Herminia alitia ibos ndani ya kopo, wali wa kunata uliofungwa kwa jani changa la mnazi, sukari pembeni, kitu ambacho Analiza alikipenda kuliko sinema. Akalikaza, akampa. Kisha akatoa ibos yake, akaimenya, akauma. Hakumkaribisha mtoto. Hakumkaribisha Mwalimu Mkuu. Tonge lilishuka kama mchanga.

Analiza alilitazama kopo. Akaligonga kwa kidole. Akavuta kifuniko. Akamvuta Herminia sketi. Herminia akageuka, akangoja, akatafuna. Villaruz akajikohoza.

"Mwalimu, huyu mtoto..."

"Namwona, Mwalimu Mkuu."

Huko nje kwikwi ilisikika ndani ya leso. Analiza alishika sikio lake. Kisha akaliweka kopo chini, polepole, akalisukuma mbali kwa mguu, akatulia. Hakulia. Alionekana tu kama mtu aliyezoea kutoelewana na watu.

Villaruz akatazama saa yake, akaanza kuinuka. Na Herminia, aliyefundisha kungoja kwa miaka yake yote ya kazi, akashindwa kungoja. Alipiga magoti, akaligonga kopo kwenye ukingo wa ndoo, pembeni, pale alipopajua yeye peke yake, kifuniko kikaachia. Akamwekea mtoto ibos mkononi. "Kula, mwanangu," alisema. Alikuwa amekwisha kushindwa, na aliyeshindwa hana haja ya kumtia mtoto njaa.

Analiza alimenya jani kwa uangalifu, akalichovya tonge kwenye sukari, akalipeleka mdomoni. Halafu akasita. Macho yake yalikuwa yamefika kwa Mwalimu Mkuu, aliyekuwa amesimama mikono mitupu, hana hata kikeki. Mtoto aliutazama ule mkono mtupu kwa mshangao mkubwa. Akanyoosha ibos juu, kadiri mkono wake ulivyofika.

"Karibu tule," alisema.

Sauti ilikuwa nzito kidogo, kama mlango uliofungwa siku nyingi. Hakuna aliyejitikisa. Analiza, akiona watu hawana adabu leo, akageukia mlangoni. "Lola, karibu. Manang, karibu." Akamtazama Herminia na shavu lake lililotuna, akafikiri. "Mwalimu, karibu," akasema, kwa sauti ya mtu anayesamehe.

Pasing alipiga ukelele, upawa ukaanguka kwenye ndoo. Lola Consing aliitafuna leso yake bila kujua. Teban, akiutazama ukuta, aliuliza, "Limefunguka? Limefunguka?"

Villaruz peke yake ndiye aliyebaki amenyooka.

"Nilisema aseme anachotaka," alisema. "Mtoto huyu hakuomba kitu."

Herminia alimeza tonge lake lote kwa mara moja ili ajibu. "Lakini amesema anachotaka, Mwalimu Mkuu. Anataka ule."

Mkono wa Analiza ulikuwa bado juu, umeanza kushuka kwa kuchoka. Mwalimu Mkuu aliutazama. Alikuwa mwanamke mkali, lakini naye alilelewa Iloilo, na hakuna mtu wa Iloilo anayeweza kuuacha mkono kama ule hewani. Aliinama, akauma kipande kidogo. Sukari ikamganda kwenye rangi ya midomo.

"Tamu," alikiri. Akajifuta, akachukua kiti chake. "Jumatatu aje darasa la kwanza. Akae mbele, karibu na mwalimu. Na wewe endelea naye. Neno la kukaribisha halitoshi kuombea ruhusa ya choo."

"Nitaendelea naye, Mwalimu Mkuu."

Villaruz alifika mlangoni, akageuka.

"Lakini Herminia. Umekula peke yako mbele ya mtoto, mbele ya bibi yake na mbele yangu mimi, hukumkaribisha hata mmoja. Wewe umelelewa wapi?"

Herminia alifungua mdomo amweleze habari za kungoja, na kopo, na namna kazi inavyofanywa. Lakini Analiza alikuwa amekwisha kumvuta sketi. Alishika lile kopo tupu, akakitazama kifuniko chake, akampa mwalimu kipande cha mwisho cha ibos, kana kwamba amemwona ndiye mwenye njaa kuliko wote pale.

Herminia akala. Ilikuwa ya kazi.