Kilo za Koti

Swali lililoninyima usingizi lilikuwa hili: mtu akimuua baba yake mkubwa kwa koti, sweta mbili na buti, sheria inamwitaje? Muuaji, au mtoto mtiifu?

Ilikuwa miaka ya tisini. Nilikuwa na shahada mpya ya takwimu, chumba cha kupanga Nalufenya, Jinja, na kazi sina. Baba mkubwa aliishi Mbale, mtaa wa Nabuyonga. Alikuwa askari jela mstaafu, na Kiswahili cha kambini ndicho kilichotulea sote. Serikali ilipomstaafisha ilichukua sare ikamwachia koti na tumbo, na tumbo ndilo alilolihesabu kuwa cheo. Kisha kikaja kikohozi. Alitibiwa kifua kikuu kwa miezi, mpaka picha ikaonyesha uvimbe kwenye pafu, na daktari mmoja wa Jinja akalitamka neno saratani. Kufikia hapo tumbo nalo lilikuwa limestaafu.

Miaka ile kwetu hakuna aliyeruhusiwa kukonda kwa sababu zake mwenyewe. Kukonda kulikuwa silimu, ndivyo tulivyouita ukimwi, na hukumu ilitolewa kwenye salamu. Mgeni alikushika mkono, vidole vikapanda polepole hadi juu ya kiwiko, vikapima mfupa, huku mdomo ukiuliza habari za watoto. Ukifaulu, ulikuwa Mkristo mwema.

Mama mkubwa aliwawahi. Alimvika mumewe sweta mbili, koti la kazini juu yake, akamkalisha kwenye kona yenye giza.

“Afande, lakini umenenepa!” alisema jirani wa kanisani, mkono ameshaunyoosha.

“Malewa ya mianzi na karanga, bwana,” akajibu baba mkubwa, mikono yake imezama mifukoni. “Huyu mwanamke ataniua na chakula.”

“Ugonjwa gani huo wa kunenepesha? Mimi pia nautaka.”

“Oa Bugisu, utaupata.”

Lakini aliyeharibu mambo ni mimi. Daktari alikuwa ameniambia kwamba wagonjwa wenye nyama ndio wanaoistahimili dawa, na mara nyingi ndio wanaoishi zaidi. “Si tumbo,” alisema. “Nyama ya mapaja, ya mabega.” Akanibinya mkono, akaguna. “Wewe ukiugua tutaanzia wapi?” Halafu akaniagiza nimletee kilo za mzee, maana dawa ingeagizwa Kampala kwa kipimo cha mwili wake, na ikizidi ingemmaliza kabla ya uvimbe.

Nilipofika Nabuyonga nilitoa mhadhara sebuleni kama mtu anayelipwa. Mafuta ni hivi, misuli ni vile. Mama mkubwa alichukua jambo moja tu: daktari anataka watu wenye nyama.

Basi siku ya kupimwa alimpeleka kwenye zahanati ya mtaa na koti, sweta na buti. Muuguzi alikuwa binti mdogo, hakuthubutu kumwambia afande avue. Mshale ukasimama kwenye sitini na nne. Mama mkubwa akapiga vigelegele.

“Andika, msomi.”

“Mama, na koti?”

“Koti si lake? Ameiba?”

Nikaandika. Miaka mitatu ya takwimu, nikaandika.

Siku tatu nilikaa na karatasi ile Jinja. Niliwaza kutoa uzito wa koti kwa kukisia, nikajiuliza: koti kavu au lenye jasho? Niliwaza kwenda kwa muuza nyama wa Bugembe anipimie koti linalofanana nalo, nikaona aibu ya kuning’iniza koti kwenye ndoana ya ng’ombe. Na je, kama mama mkubwa alikuwa na haki? Daktari akiona kilo chache angeweza kusema mrudisheni nyumbani, huyu amekwisha. Kwa upande mwingine, koti halikuwa na saratani. Kwa nini lipewe dawa?

Siku ya nne nilirudi Mbale. Niliwakuta wote wawili sebuleni.

“Baba, vua koti. Tunarudi kwenye mizani.”

“Umvue mzee mbele ya mji?” mama mkubwa aliruka. “Watasema nini?”

“Watasema silimu. Lakini dawa itakuja ya mtu wa kilo sitini na nne, na mtu huyo hayupo. Atakayedungwa ni baba.”

“Na daktari akimkataa?”

“Nitakaa mlangoni pake mpaka akubali,” nikasema, mimi ambaye sikuwa nimethubutu kukaa mlangoni pa mwajiri hata mmoja.

Baba mkubwa alitoa mikono mifukoni. “Nimepokea wafungwa miaka mingi,” alisema. “Mwizi, muuaji, wote. Hakuna tuliyempima na blanketi.” Akaanza kufungua vifungo.

Alipanda kwenye mizani kwa fulana na kaptula. Mapaja yake yalikuwa membamba kuliko mikono aliyokuwa nayo zamani. Dirishani walisimama watu, yule jirani wa kanisani akiwa mbele. Muuguzi alitazama sakafu, kwa hiyo nikasoma mwenyewe, kwa sauti: hamsini na sita. Mama mkubwa akajifunika uso kwa kanga.

Niliichana karatasi ya kwanza, nikaandika nyingine, na kabla ofisi hazijafungwa Jinja nilikuwa nimemkabidhi daktari mkononi.