Refa Aliyewauliza Watoto

Jumamosi iliyopita nilimpeleka binti yangu kucheza besiboli, na kumbe uwanja wenyewe ni ule ule wetu wa zamani, hapa hapa Blacktown. Nilikuwa nimeapa nisikanyage pale tena. Lakini wewe nawe una watoto, unajua: mtoto akishapewa kofia ya timu shuleni, mama huna kauli. Niliposhuka garini nikanusa soseji na vitunguu vikikaangwa, nikasikia wazazi wakipiga makofi nyuma ya uzio wa waya, nikatamani kurudi garini. Ngoja nikueleze, maana jambo hili nimelikalia kifuani miaka mingi.

Sisi tulikuja Sydney kutoka kambi ya wakimbizi, upande wa Kigoma: baba, mama, kaka yangu na mimi. Baba alipata kazi kiwandani Smithfield, mama akaenda kuhudumia wazee. Besiboli hatukuijua hata kwa jina. Mpira kwetu ulikuwa wa miguu, na wasichana tulikuwa na rede yetu. Mwalimu wa kaka yangu ndiye aliyemwingiza kwenye timu ya watoto, na desturi ya huku ni kwamba ukileta mtoto, na wewe mzazi unapangiwa kazi. Huyu anakaanga soseji, yule anauza soda, mwingine anahesabu mabao. Kazi iliyokimbiwa na wote ilikuwa urefa, kwa sababu refa hutukanwa na kila upande. Baba, mgeni ambaye Kiingereza chake cha kukataa kilikuwa bado hakijakomaa, akapewa urefa.

Mwalimu alimfundisha kwa subira. Mtoto anapiga mpira kwa gongo, anakimbia kituo hadi kituo, na akiguswa na mpira kabla hajafika, yuko auti. Basi Ijumaa jioni nyumba yetu ikawa na shughuli mpya. Mama anapiga pasi shati la bluu huku chungu cha maharage kinatokota, mimi nasugua ile barakoa ya chuma anayovaa refa, na kaka anatafuta brashi. Refa huwa na brashi ndogo ya kufagilia kibao cheupe anaposimama mpigaji. Ya baba ilikuwa brashi ya viatu, na kila alipoinama kufagia, rangi nyeusi ya kiwi ilibaki kwenye kibao. Wazazi wa Kizungu walimtania kwa hilo, naye akacheka nao.

Sasa sikiliza jambo lililomfanya baba awe refa wa namna yake. Kule kambini alikuwa msuluhishi wa foleni ya maji. Ndoo zilipangwa mstari tangu alfajiri, na ugomvi haukukosekana: nani katangulia, nani kasogeza ndoo ya mwenzake. Babu yangu huko Burundi alikuwa mshingantahe, mmoja wa watu wanaoaminiwa na mlima mzima kuamua magomvi, na baba alirithi utaratibu wake. Huamui kabla hujasikiliza, na wa kwanza kusema ni yule anayeshutumiwa. Utaratibu huo baba aliubeba mzima mzima akaupeleka kwenye besiboli, mchezo ambao refa anatakiwa aamue kabla vumbi halijatua.

Alipoona vizuri, aliamua kama marefa wengine. Lakini kama mtu alimziba, au vumbi lilikuwa jingi, baba alinyanyua mikono yote miwili akasimamisha mchezo. Aliwaita watoto wawili waliohusika, akachuchumaa mbele yao, akamwambia aliyekuwa anakimbia, kwa Kiingereza chake cha kiwandani, "You tell me first. Touch, no touch?" Kisha akangoja. Mara ya kwanza kocha wetu alishika kichwa kwa mikono miwili. Kina mama waliokuwa wanakaanga soseji waliacha soseji zikaungua.

Na watoto walisema kweli. Mpaka leo sielewi vizuri ni kwa nini. Nadhani hawakuwahi kumpata mtu mzima anayewauliza kitu halafu akangoja jibu. Baba alipenda kusema kwamba njia ya mwongo ni fupi, kisha anaongezea lake, kwamba usimkatishe, mwache aitembee mpaka mwisho. Baada ya msimu mmoja watoto hawakungoja kuulizwa. Mtoto anateleza kituoni, anasimama, anakung'uta suruali, ananyanyua mkono mwenyewe, "He got me, Mister," yaani kanigusa, anaondoka zake. Yule yule kocha aliyeshika kichwa akawa anajisifia kwa timu nyingine kwamba uwanja wetu hauna kelele.

Nisikudanganye, baba hakuwa bingwa. Mpira ukipita juu mno aliuita mzuri, ukipita chini mno aliuita mzuri pia, ilimradi mtoto ajaribu kuupiga. Mwenye kipaji hasa cha kuona mpira alikuwa jirani yetu. Huyu alikuwa Mtanzania, kijana aliyekuja kusoma akabaki kufanya kazi ofisini mjini, anaishi peke yake nyumba ya ubavuni kwetu. Mama alimwita shemeji, baba alimwita mdogo wangu, na sisi watoto tulimwita baba mdogo, jina ambalo kwetu haligawiwi ovyo. Jumapili tukitoka kanisani alikula kwetu, ugali, kisamvu na dagaa wa kupikwa kwa mawese, akilamba vidole na kusema amesahau kama yuko Australia. Alianza kuja uwanjani kumsindikiza baba, akavaa barakoa siku moja baba alipoumwa, akanogewa.

Wakati huo ndipo wakubwa wa ligi walipoanza kutuletea marefa wa kulipwa. Sisi tuliwaita suruali za kijivu, kwa sababu walivaa suruali za kijivu zilizonyooka na viatu vinavyong'aa. Walikuja na barafu yao na vinywaji vyao, wakakaa upande wao, soseji zetu hawakuzigusa. Wao waliwaita marefa wa kujitolea "the dads", na walilitamka neno hilo kwa kukunja pua. Kina baba nao hawakunyamaza. Walisema hawa wanajua kitabu, watoto hawawajui hata majina. Kusema haki, suruali za kijivu walijua kazi. Mkono uliruka juu papo hapo, sauti kavu, na ukibisha unaoneshwa geti. Lakini mtoto aliyekuwa auti kwa kuonewa alikwenda kulia nyuma ya choo, na hakuna aliyemuuliza.

Jirani alitaka kuwa mmoja wao. Baba alifurahi kama vile mdogo wake amechaguliwa kwenda chuo. Kozi ilikuwa Penrith, na wikendi nzima nzima baba alimpeleka kwa gari letu na kumngoja huko, mimi nimelala kiti cha nyuma. Jioni za kiangazi tulifanya mazoezi uani. Kaka anashika gongo, baba anarusha mpira wa tenisi, jirani anachuchumaa nyuma ya tenga la nguo la mama na kupaza sauti mpaka mbwa wa mtaa wa pili wanajibu. Nikizikumbuka jioni zile bado nasikia harufu ya nyasi zilizokatwa, na mama akilalamika kwamba nguo zake safi zimejaa mipira. Tukimaliza, jirani alikaa kibarazani na baba wakanywa chai. "Kaka, hao tunaosomea kazi yao hawawezi unachofanya wewe," alisema siku moja, nikimsikia kwa masikio yangu. "Wao wanachezesha game tu. Wewe unalea watoto. Mimi nikipata ile accreditation, hii njia yako nitaitetea huko huko kwao."

Akaipata. Akavaa suruali ya kijivu. Mama alimpikia pilau siku hiyo.

Msimu huo timu ya kaka yangu ilifika fainali. Jirani ndiye aliyepangwa kuwa refa mkuu, na kwa kuwa marefa wa kulipwa walipungua, baba aliombwa asimame kituo cha tatu. Mama aliomba ruhusa kazini. Tuliketi nyuma ya waya, mimi nimejaa majivuno, baba upande ule na baba mdogo upande huu, uwanja wote wa kwetu.

Mwishoni kabisa tulikuwa nyuma, na mkimbiaji wetu akiwa auti tumekwisha. Mtoto wa kocha wetu akakimbilia kituo cha tatu, akateleza, msichana wa timu ya pili akamwangukia na mpira mkononi, vumbi likafumka. Baba alizibwa na mgongo wa msichana. Akafanya kama siku zote, mikono miwili juu. Akachuchumaa. Mtoto wa kocha alimtazama baba yake kule pembeni, akamtazama baba yangu, kisha akanyanyua mkono. "She got me, Mister." Baba akampiga bega kwa upole, akasema auti.

Kocha aliingia uwanjani mbio, uso mwekundu. Yule aliyejisifia uwanja usio na kelele sasa alikuwa na kelele ya kututosha wote. Alimfuata jirani, akamuuliza tangu lini refa anamuuliza mchezaji. Baba alikuwa amesimama kwenye kituo chake, na nakumbuka hakuwa na wasiwasi hata kidogo. Alimtazama jirani kama unavyomtazama ndugu yako aliyeitwa kutoa ushahidi.

Jirani alivua barakoa yake. "He's not one of us, mate," alimwambia kocha, kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye soseji. "Just a dad helping out." Huyu si mwenzetu, ni mzazi tu anayesaidia saidia. Kisha, bila kumtazama baba, akapangua mikono hewani: mtoto hakuguswa, abaki kituoni, mchezo uendelee.

Mtoto wa kocha alibaki amesimama kwenye kituo ambacho mwenyewe alikuwa amesema si chake, kichwa chini. Mpigaji aliyefuata alikuwa kaka yangu. Aliupiga mpira vizuri kuliko siku zote, wenzake wakamaliza vituo vyote wakarudi kwenye kibao cheupe, mabao yakatosha, tukashinda. Watu wa kwetu walirukaruka. Baba alipiga makofi, kwa kuwa mwanawe kashinda, na mimi nilipomwona anapiga makofi yale nilitamani ardhi inimeze. Niliumia, rafiki yangu. Angetukanwa na suruali za kijivu wengine nisingejali, ila huyu alikuwa baba mdogo.

Baba hakuitwa tena, na hakwenda kuuliza. Shati la bluu likawa tambara la kupangusia gari. Mwaka uliofuata jirani alihamia Penrith, na uwanjani wakabaki marefa wa kulipwa peke yao. Makosa yamepungua, wanasema, na naamini. Ila siku hizi mtoto akiguswa anabaki kituoni kimya, anamtazama refa, akiomba Mungu refa awe hakuona. Kujitaja mwenyewe kumekwisha pale, na sioni kama kuna anayejua kuwa kuliwahi kuwepo.

Miaka ikapita. Jumapili moja mchana, mimi nimeshakuwa mtu mzima, yule jirani wetu wa zamani akabisha hodi na keki mkononi. Mama alimkaribisha kwa adabu, akaenda jikoni na hakurudi. Baba alimkalisha, akammiminia soda, akakaa mbele yake amefumbata mikono.

"Kaka, siku ile nilikuwa kwenye probation, bado najaribiwa," jirani alianza. "Yule assessor wao alikuwa amekaa pale kwenye kivuli ananipima. Na rule ni rule, wewe mwenyewe unajua. Ningekutetea, wangesema na mimi ni wale wale tu." Aliongea sana. Alieleza sheria, akaeleza wakubwa wa ligi, akaeleza ilivyo vigumu mtu mweusi kupewa suruali ile. Mengine yalikuwa kweli tupu. Baba hakumkatisha hata mara moja. Maneno yalipoisha jirani akabaki anazungusha bilauri, na baba akaendelea kumtazama bila hasira.

Mwisho jirani akasimama, akaaga. "Nimekusikia, mdogo wangu," baba alisema, akamsindikiza mpaka garini.

Aliporudi nilikuwa nimesimama mlangoni. Nilimuuliza kwa nini hakumwambia lolote, kwa nini alimwacha aje amwage maneno yake na kuondoka.

Baba aliketi, akaisogeza keki pembeni. "Nilikuwa namngoja," alisema. "Amesema sheria, amesema kazi, amesema wakubwa. Yule mtoto alikuwa mdogo, na baba yake anamtazama, akanyanyua mkono akasema ameguswa. Huyu bado."

Baba anamngoja mpaka leo. Mimi sina subira hiyo, kwangu yule mtu yuko auti tangu siku ile.