Msusi asiyeamini nywele mpaka ziloe

Saa tatu asubuhi. Msusi amesimama nyuma ya mteja wake wa kwanza, chupa ya maji mkononi. Anatenga shungi dogo karibu na sikio, analilowesha, kisha anatulia kama mtu anayesubiri majibu ya daktari.

Nywele hazijikunji. Zimelala vilevile, zimenyooka.

"Dada, hizi zina dawa ya kunyoosha," anasema.

"Si nimekwambia ni kichana cha moto tu? Weka dawa, nina safari."

"Ungekuwa moto, maji yangezirudisha zilivyokuwa. Nikiweka dawa juu ya dawa, zitakatika. Siweki."

Mteja anasonya, anachukua mkoba wake na kuondoka. Kwa siku msusi huyu hupata wateja watano, wakizidi sana sita.

"Bora aninunie," anasema, akijifuta viganja kwenye aproni.

Hakuwa hivi. Kwa miaka kumi na mmoja alinyoosha nywele kwa kichana cha moto. Alipoanza kutumia dawa, aliiona ni kitu kilekile, kasoro makaa.

Mwaka jana alimpaka wifi yake, dada wa mumewe, mwalimu wa sayansi sekondari. Katikati ya kazi, maji yakakatika.

"Nikamfuta kwa taulo, nikamwambia tulia wifi, imeisha," anasimulia. "Kichana ukikiondoa, moto umekwisha. Nilidhani na dawa ni hivyohivyo. Yeye analia, 'Wifi, inaniunguza, tafuta maji!' Mimi namtania, mwalimu mzima unadeka."

Alipopata ndoo kwa jirani, dakika ishirini zilikuwa zimepita. Alimmwagia maji, na nywele zikamjia mkononi kwa mafungu.

Wiki mbili hawakusemezana. Kisha wifi akaja mwenyewe, kitambaa kichwani, akamweleza taratibu: moto hubadilisha umbo tu, unywele hubaki uleule, ukiloa unajikunja tena. Dawa huuvunja unywele kwa ndani na kuufanya kitu kingine. Haurudi ulivyokuwa, na dawa haikomi kwa kufutwa. Mpaka ioshwe yote.

"Hakunigombeza," anasema msusi. "Angenigombeza, ningepona."

Tangu hapo hapaki dawa kabla ndoo tatu hazijajaa. Mteja akijikuna tu, anakimbilia ndoo. Mumewe humtania kwamba hata sukari ikiyeyuka kwenye chai, mkewe anaiuliza kama itarudi.

Nywele za wifi zimeota, isipokuwa nyuma ya sikio la kushoto, upana wa kidole gumba. Desemba anaolewa, na ametuma ujumbe: asukwe na wifi yake, si mwingine.

Msusi anatoa simu, anausoma tena.

"Nitamsuka kwa mkono tu, bila dawa wala moto," anasema. "Naomba siku hiyo vidole visinitetemeke. Akivihisi vinatetemeka, ataogopa na yeye."