Kituo kimefungwa, treni bado inapunguza mwendo

Saa kumi na mbili asubuhi, Mama Filimbi amesimama ukingoni mwa jukwaa la kituo ambacho hakimo tena kwenye ratiba. Bango la jina limeng'olewa, zimebaki nguzo mbili. Nyuma yake watu wapatao ishirini wamekaa mkao wa kukimbia, mikoba wameifunga viunoni.

"Rudini nyuma," anasema. Harudi mtu.

Kituo hiki kidogo cha pembezoni mwa mji kiliishi miaka mitatu tu. Siku ya kukifungua, yeye ndiye aliyekabidhiwa ufagio na filimbi, na mtaa mzima ukamwona kaukata. Kisha barabara ikatiwa lami, wakubwa wa reli wakasema abiria hawatoshi, treni ikaamriwa ipite. Yeye akabakizwa kwa nusu mshahara, awafukuze watu pale pale alipokuwa akiwakaribisha.

Tatizo ni dereva. Watu wanamwita Mjomba, maana akifika hapa hupunguza mwendo ili wadandie, nao humwombea dua. Wiki iliyopita binti pekee wa Mama Filimbi, mshonaji wa kiwandani, aliteleza. Abiria walimvuta ndani kwa mkono mmoja, kiatu kikasagwa. Kesho yake akaazima viatu vya jirani, akarudi jukwaani. Sikio la kufa halisikii dawa, ila huyu ni mwanawe, na methali hiyo hathubutu kuitamka.

Treni inatokea konani. Inapunguza mwendo. Mama anapuliza filimbi mpaka mishipa ya shingo inamsimama. Watu wanakimbia, binti naye yumo. Mama anaudaka mkoba wa binti na kuung'ang'ania hadi behewa la mwisho linapita.

"Mama, leo nikichelewa wananifukuza," binti anasema akitweta. "Umeniachisha kazi."

"Kazi tutatafuta, mwanangu. Mguu nitautoa wapi?"

Binti anashika njia ya barabarani bila kuaga. Mama anaketi. Anasema anaiogopa kesho kuliko leo, kwani mtu mzima hashikwi mkoba kila siku.

Ijumaa ana mapumziko. Atakwenda stesheni kuu kumtafuta Mjomba. Miaka yote wamepungiana mikono tu, hawajawahi kuzungumza, lakini maneno ameshayapanga.

"Nitamwambia, ndugu yangu, kama umekatazwa kusimama, basi pita kwa kasi. Hiyo huruma yako ya nusu ndiyo itakayotuulia watoto."